Nani Anamngoja Nyumbani?

Nikiwa kidato cha pili nilimchora mlinzi wa shule yetu. Nilikuwa mchoraji wa gazeti la ukutani, lile lililobandikwa kwenye ubao wa matangazo kila Ijumaa, na kila toleo lilihitaji katuni. Mlinzi alikuwa mtu mzima, mrefu, mwenye koti la jeshi lililopauka na rungu alilolikumbatia kama mtoto mchanga. Alisinzia. Walinzi wengi husinzia, ila wa kwetu alisinzia akiwa amesimama, na kwetu hicho kilikuwa kichekesho kisichochuja. Nikambatiza jina la Kamanda Usingizi. Nikamchora mdomo wazi, udenda unamtoka, na mwizi anapita mbele yake na gunia la mahindi begani, akimwambia kwa adabu, "Shikamoo."

Shule nzima ilicheka. Walimu walicheka. Kwa wiki tatu nilikuwa maarufu.

Wiki ya nne aliniita getini. Nilimwamkia, akaitikia vizuri tu. Nilikuwa nimeshajiandaa kukana kwamba yule wa kwenye picha si yeye, lakini hakuniuliza hilo. Aliniuliza, "Mwanangu, yule bwana wa ubaoni hana watoto?"

Nikasema sijui.

"Mimi ninaye binti. Yuko kidato cha pili, kama wewe. Mchana nabeba matofali kwa ajili ya ada yake, usiku niko hapa. Yule wako anasinzia tu, hana sababu."

Likaja gari la kuni, akaenda kulifungulia geti. Mazungumzo yakaishia hapo. Sikumwomba radhi. Ijumaa iliyofuata nilichora kitu kingine, nikajidanganya kwamba hiyo ndiyo radhi yenyewe. Muhula uliofuata getini alisimama mtu mwingine.

Swali lake ndilo linaloniandikisha makala hii. Ukimchukua mtu aliye hai ukamgeuza mhusika, unadaiwa nini naye? Na kwa nini yeye, katika yote ambayo angeweza kuyalalamikia, udenda, mdomo, jina la dhihaka, alichagua kulalamikia watoto? Nimekaa na swali hilo miaka mingi, na msaada nimeupata mahali nisipotarajia: kwa mhusika mdogo wa katuni za Ubelgiji, mvulana wa Kichina anayeitwa Chang.

*

Nilikutana na Chang kwenye meza ya muuza vitabu vya mitumba, Posta, Dar es Salaam. Nilinunua vitabu viwili vya Tintin kwa sababu vilikuwa bei ya chipsi. Tintin wengi wenu mnamjua: yule mwandishi wa habari kijana mwenye kishungi cha nywele na mbwa mweupe, aliyebuniwa mwaka 1929 na Mbelgiji Georges Remi, ambaye alijulikana kwa jina la Hergé. Chang hajulikani sana. Katika mfululizo wote wa visa vya Tintin, vitabu vyake hasa ni viwili tu: kile cha Shanghai, *Lotasi ya Buluu*, na kile cha Tibet.

Lakini mtazame Chang kwa jicho la mtu anayeuliza habari za ukoo, kama wanavyouliza wazee wetu wakikutana na kijana njiani: wewe ni wa nani? Chang anajibika. Ni yatima. Tintin anamwokoa mtoni, mto Yangtze ukiwa umefurika, na neno la kwanza la maana analolisema Chang ni la kushangaa: kwa nini umeniokoa? Anasema alidhani wazungu wote ni watu wabaya, kama wale waliowaua babu na bibi yake wakati wa vita vya Mabondia. Yaani mtoto huyu anaingia kwenye hadithi akiwa na marehemu wake mkononi. Ana kinyongo chenye chanzo, na chanzo hicho ni vita ambavyo kweli vilipiganwa, mwaka 1900.

Mwisho wa kitabu hicho Bwana Wang, mzee wa Shanghai ambaye mwanawe alitiwa wazimu kwa sumu, anamchukua Chang kuwa mtoto wake. Yatima anapata baba, mama na kaka. Katika kitabu cha Tibet ukoo unazidi kutanuka: ndugu wa Bwana Wang ana duka la vitu vya kale London na amemwita Chang akafanye kazi kwake, na njiani, Kathmandu, yupo binamu wa kumpokea. Ndege inapoanguka milimani, Chang si jina tu kwenye orodha ya abiria. Kuna watu huku na huko duniani wanaomsubiri, na Tintin ni mmoja wao. Magazeti yanasema hakuna aliyepona, yeye anakataa, anapanda theluji kumtafuta.

Najua watakaosema: vitu vidogo hivi, mjomba wa London na binamu wa Kathmandu, ni mbinu za kusogeza hadithi tu. Kweli. Lakini jiulize kwa nini mwandishi, akihitaji sababu ya kumpandisha mtu ndege, alimpa huyu ndugu. Angeweza kumpandisha bila sababu, maana wahusika wa katuni husafiri kila siku bila sababu.

*

Jibu lina jina. Tarehe 1 Mei 1934, mwanafunzi wa sanaa kutoka Shanghai aliyekuwa akisoma kwenye chuo cha sanaa cha kifalme Brussels alibisha hodi kwa Hergé. Aliitwa Zhang Chongren. Wote wawili walizaliwa mwaka 1907. Hergé alikuwa ametangaza kwamba Tintin atakwenda China, na padri mmoja aliyekuwa mlezi wa wanafunzi wa Kichina huko Leuven, Gosset, alimwandikia akimsihi awe mwangalifu. Vijana wale walikuwa wasomaji pia, na wangeumia kuona nchi yao ikichorwa kwa uvumi. Padri akamkutanisha na Zhang.

Hadi wakati huo Hergé alikuwa akichora Wachina kwa uvumi huo huo. Katika kisa cha kwanza cha Tintin, kile cha Urusi ya Kisovieti, Wachina wawili wenye mikia ya nywele wanatokea wakiwa watesaji, na basi. Sasa akaanza kukaa na Mchina mmoja, tena na tena, Jumapili kwa Jumapili. Zhang alimfundisha kuandika na kuchora kwa brashi. Alimweleza yaliyokuwa yakitokea Manchuria tangu Septemba 1931, wakati reli ililipuliwa karibu na Mukden na Japani ikautumia mlipuko huo kuwa kisingizio cha kuivamia nchi. Tukio hilo limo kitabuni. Maandishi ya Kichina yanayoonekana kwenye kuta na mabango ya mitaa ya Shanghai ni ya kweli, yaliandikwa kwa msaada wa Zhang, na baadhi yanasema mambo ambayo msomaji wa Ubelgiji hakuyaelewa: chini ubeberu, susieni bidhaa za Kijapani. Ofisi za ubalozi wa Japani zililalamika.

Na kuna ukurasa ule ambao mimi hurudia kuusoma. Baada ya kuokolewa, Chang na Tintin wanakaa ukingoni. Tintin anamsimulia mambo ambayo watu wa Ulaya wanayaamini kuhusu Wachina, kwamba wanakula mayai yaliyooza, kwamba wanawake wote wanabanwa miguu tangu utotoni. Wanacheka pamoja. Nikiusoma huwa nawaona vijana wawili katika chumba cha Brussels, mmoja akigundua kwa aibu ni mangapi aliyoyajua yasiyokuwepo.

Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijui mfano ulio bora kuliko huu. Zhang aliondoka Ubelgiji mwaka 1935 akarudi kwao. Hergé alimwachia kitu ambacho ni shukrani na ni mzigo pia: jina. Katika toleo la Kifaransa mhusika anaitwa Tchang Tchong-Jen, na hivyo ndivyo jina la Zhang mwenyewe lilivyoandikwa kwa Kifaransa wakati ule. Hakulibadili hata herufi.

*

Kitabu cha pili nilichonunua siku ile kilikuwa *Tintin huko Kongo*.

Kilichapishwa kwa mfululizo gazetini kati ya 1930 na 1931, miaka mitatu minne tu kabla ya Zhang kubisha hodi. Hergé hakuwa amefika Kongo. Hakuwa amefika China pia, kwa hiyo kosa si kutosafiri. Tofauti ni kwamba kwa Kongo hakukuwa na mtu aliyebisha mlango wake. Alichora kwa kutazama vitu vya makumbusho ya kikoloni ya Tervuren, kwa kusikiliza mhariri wake aliyeipenda kazi ya Ubelgiji huko, na kwa mawazo yaliyokuwa yakielea mtaani kwao. Baadaye maishani alikiri kwamba kitabu kile kilikuwa zao la ujana na chuki za mazingira aliyolelewa.

Humo ndani yumo mvulana anayeitwa Coco. Anamtumikia Tintin. Anapika, analinda gari, anaogopa, analia. Midomo yake mnaweza kuibuni bila kuiona. Watu wameisema sana midomo hiyo, na wana haki. Mwaka 2007 Bienvenu Mbutu Mondondo, Mkongomani aliyeishi Ubelgiji, aliwasilisha malalamiko akitaka kitabu kizuiwe. Mwaka 2012 mahakama ya Brussels ilikataa, ikakiona kama kazi ya zama zake isiyokusudia kuchochea ubaguzi. Lakini nilipomsoma Coco nikiwa nimetoka kwa Chang, kilichonishika koo hakikuwa midomo. Nilisikia sauti ya mlinzi wetu: huyu hana watu?

Coco hana watu. Ametoka wapi asubuhi anapoajiriwa? Nani alimpa jina lile, ambalo halisikiki kuwa la kwao popote Kongo? Gari linapoondoka naye, mama yake yuko wapi, anajua mwanawe amekwenda na mgeni? Hakuna anayeuliza. Chang ana babu waliouawa na sababu ya kumshuku mzungu. Coco, mtoto wa nchi ambamo kazi ya shokoa ya mpira chini ya Mfalme Leopold ilikuwa bado katika kumbukumbu za wazee waliokuwa hai, anamfuata mzungu bila swali hata moja. Walinyang'anywa wafu wake pia.

Kitabu kilipochorwa upya kwa rangi mwaka 1946, Hergé alifanya marekebisho. Mwanzoni Tintin, akiwa mwalimu wa siku moja darasani, aliwaambia watoto wa Kongo kwamba atawafundisha habari za nchi yao, Ubelgiji. Toleo jipya likaweka somo la hesabu, mbili jumlisha mbili. Kidonda cha wazi kikafunikwa. Hata hivyo watoto wale walibaki vilevile, bila wazazi nyuma yao. Unaweza kufuta tusi bila kumpa mtu uhai.

*

Hapa napaswa kujipinga mwenyewe, maana hoja yangu inateleza kirahisi mno.

Kwanza, Tintin mwenyewe hana familia. Hana baba, mama, wala jina la ukoo. Kama kumnyima mhusika ndugu ni dharau, basi Hergé alimdharau kijana wake kuliko wote. Nadhani jibu ni kwamba ukosefu si wa aina moja. Tintin hana ndugu ili awe huru. Dunia nzima inamjua, akirudi anapokewa na umati stesheni. Coco hana ndugu ili asiwe na pa kurudi. Mmoja ameachiwa nafasi, mwingine amekatwa mizizi. Na katuni haiwezi kumchorea kila mpita njia ukoo wake, kichekesho kingekufa ukurasa wa kwanza. Nisichokiona kwa Coco si picha ya mama. Ni dalili yoyote kwamba mchoraji aliwahi kudhani mama yupo.

Pili, na hili ni zito zaidi, urafiki wa Zhang haukumfanya Hergé awe mwadilifu kwa wote. Katika kitabu kilekile anachowacheka wanaowadhania Wachina mabaya, Wajapani wamechorwa na meno ya kutisha na sura za kuchukiza, karibu wote. Hakuwa na rafiki Mjapani. Tunaweza kuelewa hasira ya Zhang, nchi yake ilikuwa inaliwa. Lakini inaonekana haki iliyoingia kwa mlango wa urafiki iliishia pale urafiki ulipoishia. Basi je, tutawatendea haki tu wale waliobahatika kutugongea mlango? Hilo linanitisha, kwa sababu wengi wa watu tunaowasimulia hawatagonga kamwe.

Tatu, yupo Zhang mwenyewe. Wakati Chang wa karatasi alibaki mvulana, Zhang alikuwa mchongaji wa sanamu Shanghai, mwenye mke na watoto, akapitia vita na kisha miaka ya Mapinduzi ya Utamaduni iliyowaandama wasanii kama yeye. Mawasiliano yao yalikatika kwa miongo kadhaa. Hergé alimtafuta. Kitabu cha Tibet, kilichotoka mwaka 1960, alikichora akiwa katika misukosuko ya ndoa na ndoto mbaya zilizojaa weupe, na ni kitabu kisicho na adui hata mmoja. Ni mtu anamtafuta rafiki tu. Hatimaye, Machi 1981, Zhang alitua Brussels. Walikumbatiana mbele ya kamera, wazee wa miaka 73, mmoja wao mgonjwa. Miaka 46 ilikuwa imepita. Hergé alifariki Machi 1983. Zhang alihamia Ufaransa na akafia huko mwaka 1998.

Naifikiria ile siku ya uwanja wa ndege. Umati ulikuja kumpokea nani? Kwa wengi alikuwa Chang, yatima wa Yangtze, aliyezeeka ghafla. Hata picha ya upendo humchukulia mtu kitu. Ilimpa Zhang ndugu wa karatasi, na ikawafanya ndugu zake wa damu wasionekane. Sidhani aliichukia picha ile. Lakini hakuna ajuaye kama angekubali jina lake litumike hivyo kwa maisha yote, kama angeliulizwa akiwa na umri wa miaka 26.

*

Msemo wa undugu ni kufaana, si kufanana, tumezoea kuutumia kwenye harusi na michango. Nimekuja kuuona kama msemo wa wachoraji. Kufanana ni kazi ya penseli: pua, koti, rungu. Kamanda Usingizi wangu alifanana na mlinzi wetu kupita kiasi, ndiyo maana shule ilicheka kabla hata ya kusoma maneno. Kufaana hakupatikani kwa penseli. Kunahitaji mtu akufae kwa kitu, na wewe umfae, na baada ya hapo mkono wako unapochora unajua kwamba kuna mtu atakayeulizia.

Nadhani ndiyo maana mzee yule hakulalamikia udenda. Udenda ulikuwa kweli. Alichoniambia ni kwamba nimeondoa sababu. Usingizi wake ulikuwa ada ya binti, na mimi nilipomwondoa binti, usingizi ukageuka kuwa tabia yake, labda tabia ya watu wa aina yake. Ubaguzi mwingi naona unafanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Hausemi uongo sana. Unakata jamaa za mtu, unamwacha na mazoea yake peke yake, halafu unatualika tucheke.

Chang, kwa upande wake, analipa deni lake kwa namna inayonigusa. Huko Tibet anaokolewa na yeti, yule anayeitwa mtu wa theluji wa kuchukiza. Yeti anamlisha na kumlinda. Watu wakija kumchukua, Chang anakataa kumwita wa kuchukiza, na anajiuliza kama kiumbe yule hana roho ya kibinadamu. Katika picha ya mwisho msafara unaondoka, na yeti anautazama kwa mbali, amepoteza jamaa pekee aliyekuwa naye. Hapo hakukuwa na aliyebisha hodi, yeti hawana mapadri wa kuwaandikia wachoraji barua. Lakini Hergé aliyemchora Coco bila watu, mwaka 1960 aliweza kuona upweke wa mnyama. Kwa hiyo jicho linaweza kufundishwa kwa rafiki mmoja na kisha likatazama mbali zaidi ya rafiki huyo. Limechelewa, na halikumrudia Coco, ila linaweza.

Siku hizi sichori. Ninaandika habari za watu halisi, na ninajua kila aya inamchukulia mtu kitu. Sina kanuni kubwa. Nina swali moja ninalomuuliza kila ninayemwandika, na kama siwezi kumuuliza yeye najiuliza mimi: nani anamngoja nyumbani? Mara nyingi jibu haliingii kwenye makala. Linabadilisha makala hata hivyo.

Nimewahi kujaribu kumchora tena mlinzi wetu. Koti nalikumbuka, rungu nalikumbuka, namna alivyoegemea nguzo ya geti naikumbuka. Nikafika kwenye binti, nikakwama. Angekuwa na umri wangu sasa. Sijui kama alimaliza kidato cha nne. Sijui hata jina lake, kwa sababu siku ile getini, baba yake alipomtaja, mimi sikuuliza.